Mashine Yetu Haijaosha Nguruwe

Jumatatu, 16 Septemba

Asubuhi hii nimefungua mlango wa mashine ya kuoshea vyombo, harufu ikanipiga usoni kama kofi. Si harufu ya chakula. Ni ya chakula kilichokufa kikakosa wa kukizika. Sahani zilizomo zinang'aa, ukizipitishia kidole zinalia kwa usafi, lakini ukiinua moja puani unatamani kumwita bwana afya.

Nimeamua kuandika mpaka nimjue adui. Nilifundisha historia na uraia kwa muda mrefu kabla sijagombana na mkuu wa shule, na nilichoondoka nacho ni hiki: jambo lisiloandikwa humilikiwa na mwenye sauti kubwa. Kwa kawaida mwenye sauti kubwa ni mimi, kwa hiyo sikuwahi kulalamika. Safari hii sitaki kubahatisha.

Niweke msingi. Hoteli yetu ya chakula iko nyuma ya stendi ya Nachingwea. Ni yangu na Amna, nusu kwa nusu. Amna ni Mmwera wa Nkowe, Mwislamu, na ndiye mpishi. Mimi ni Mmakonde, Mkatoliki, ingawa padri angependa kuniona mara nyingi zaidi. Kazi yangu ni soko, kaunta na ugomvi. Mashine tuliinunua mnadani Ruangwa, kambi moja ya wageni wa madini ilipofungwa. Watu walicheka. Walisema wanawake wawili wavivu wamenunua kabati la kuogeshea sahani. Hakuna aliyeuliza habari za mikono ya Amna. Mikono ile imepasuka kwa sabuni, inachubuka mpaka nyama nyekundu inaonekana, na daktari amemwambia waziwazi: aache maji ya sabuni, la sivyo hatashika hata mwiko. Tulijaribu glavu, zikamchemsha. Tuliajiri waoshaji, wakavunja vyombo kisha wakakimbilia korosho. Ndipo ikaja mashine. Anayeicheka mashine hii anaicheka mikono ya mwenzangu, na mimi na mtu huyo hatujamalizana.

Jumanne, 17 Septemba

Nimeimwagia chupa nzima ya siki. Sasa inanuka kama achari iliyooza.

Ijumaa, 20 Septemba

Ushindi! Chini kabisa, ndani ya tumbo la mashine, kuna chujio. Nimelichomoa. Lilikuwa limeziba kwa ugali wa muhogo, umeganda kama gundi ya fundi seremala, katikati yake mifupa ya dagaa imesimama kama misumari. Waliotengeneza mashine hii wanakula mikate. Hawakuwaza hata siku moja kwamba duniani kuna watu ambao chakula chao, kikipata maji ya moto, kinageuka saruji. Hapo ndipo ninapokasirika: kila kitu kinacholetwa kwetu kimepimwa kwa tumbo la mtu mwingine.

Nimesugua kwa mswaki, nikaizungusha tupu kwa maji ya moto. Harufu imekwisha.

Baada ya swala watu walijaa. Mzee Yunusi alikaa mahali pake karibu na dirisha. Ana duka la vifaa na vyombo mbele ya stendi, na ni mjomba wake Amna, ndugu wa mama yake. Kwa Wamwera mjomba si mtu wa kusalimiwa tu na kupitwa. Amekula pilau sahani mbili, akamwambia Amna, "Mpwa wangu, huu mkono wako ungekuwa wa mwanamume angekuwa waziri."

"Angekuwa waziri ungekula wapi, mjomba?" Amna akamjibu.

Jumatatu, 23 Septemba

Imerudi.

Jumamosi, 28 Septemba

Bomba la mtaa limekauka tena. Tunanunua maji ya madumu kwa wauza maji wa baiskeli. Nimepiga simu ofisi inayohusika, nikajibiwa na sauti ya kike niwe mvumilivu. Nimemuuliza kama yeye ameoga kwa uvumilivu asubuhi hii. Akakata.

Katika mji huu kumwaga maji kipindi cha kiangazi ni dhambi isiyohitaji msikiti wala kanisa kuithibitisha. Maji ya kuoshea mchele yanaoshea mboga. Maji ya mashine yanaingia kwenye pipa uani, na pipa ndilo linalomwagilia mipapai na kusafishia choo. Tunalilinda pipa hilo kama watu wengine wanavyolinda kura.

Jioni Nicholaus alikuja. Ni mdogo wangu, anafuga nguruwe nje kidogo ya mji, na kila siku jua likishuka anakuja na ndoo zake kuchukua makombo. Anapita uani, anajaza, anasuuza mikono kwenye pipa, anatania, anaondoka. Alipotoka, Amna alisema, "Mwalimu, nilikuomba hizi ndoo zisipite huku."

Nikamwambia, "Amna, ndoo ni ndoo."

Akaendelea kupaka mikono mafuta ya nazi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Gabrieli, fundi wa mafriji, ndiye aliyetufungia mashine mwezi wa sita. Leo amekuja kuitazama. Aliingiza kichwa chote ndani, akakaa humo kama anayesikiliza mpira redioni.

"Mwalimu, humu kuna panya amekufa."

"Wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi, Gabrieli? Ndani ni neno kubwa."

"Nyie Wamakonde si mnakula panya? Ungemnusa mwenyewe ukajua yuko upande gani."

Nilimwambia panya tunayemla ni wa shamba, msafi kuliko mafundi wengi. Amna alicheka mpaka akakaa chini. Gabrieli akabandua ubavu wa mashine, panya hakuwamo. Akabadilisha mpira wa mlango, uliokuwa na ukungu mweusi kwenye mikunjo. Akatushauri tutie sabuni ya unga ya kufulia, "ile inayotoa povu, iue kila kitu." Tukatia. Povu likatoka mlangoni, likavuka jiko, likashuka ngazi, likaenda kumsalimia muuza chipsi. Tumepiga deki hadi magharibi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku mbili haikunuka. Leo inanuka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Korosho zimeanza kuingia maghalani, mji umejaa malori na vumbi, na joto limekaa juu yetu kama mtu asiyetaka kuondoka. Harufu inapenda joto.

Mzee Yunusi aliletewa sahani. Akainamisha kichwa kidogo, akanusa, akaisogeza taratibu kwa kidole kimoja. "Nina haraka leo," akasema. Mzee huyu hajawahi kuwa na haraka tangu nimjue. Akanywa chai ndani ya kikombe alichokuja nacho kutoka dukani kwake.

Kikombe alichokuja nacho!

Jumanne, 15 Oktoba

Sasa najua. Prisca, anayeuza mkaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuja akasimama mlangoni kama mtu aliyemeza mfupa.

"Mwalimu, usinichukie. Bora usikie kwangu."

"Sema."

"Wanasema mashine yenu inaosha vyombo vya nguruwe. Wanasema ndiyo maana inanuka. Mdogo wako analeta ndoo zake na masufuria ya kitimoto, yanaoshwa usiku, asubuhi watu wanawekewa pilau."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu wana majina, Prisca."

"Hawa hawana," akasema, na kusema kweli alikuwa sahihi.

Amna alikuwa amesimama nyuma yangu na kisu cha vitunguu. Alisikia yote. Akarudi akaendelea kukata.

Mji huu nimeuishi. Nimezika watu wao na wao wamezika wangu. Wazee wetu walivuka Ruvuma wakapokelewa na wazee wao, wakalima ufuta mbuga moja. Krismasi yangu huliwa na Waislamu wengi kuliko Wakristo, kwa sababu kuku wanachinjwa na shemeji yake Amna kwa makusudi hayo hayo, ili kila mtu ale. Heshima hiyo hatukuipata kwenye semina. Tumeijenga kwa miiko midogo midogo: nani achinje, sufuria gani itumike, nini kisisemwe mezani. Kisha inakuja harufu, na badala ya mtu kuniuliza, "Mwalimu, mbona vyombo vinanuka?", mtaa mzima unakubaliana kimyakimya kwamba mimi ni mshenzi na Amna ni ama mjinga ama msaliti. Maana huwezi kumtukana mwenye mashine bila kumtukana mpishi. Hawajui hilo? Wanajua. Ndiyo maana hawasemi mbele yake.

Hawa ni watu ambao ukiwaonyesha shimo la barabarani wanakuuliza kabila la shimo.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeandika kwenye kundi la simu la mtaa, ambamo tumo wote. Ninanakili hapa:

"Ndugu zangu, nimesikia mnachosema. Mtaa huu umeacha kunusa kwa pua, unanusa kwa masikio. Mnamsingizia nguruwe ambaye hajawahi kuvuka kizingiti changu kwa sababu akili zenu, kama za kuku wa kizungu, hulala taa ikizimwa. Mwenye ushahidi alete. Asiye nao afunge mdomo, maana humo ndimo harufu inamotoka."

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kundi kimya. Watu kumi na mmoja wamejitoa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Hakuna aliyekuja baada ya swala. Pilau sufuria nzima. Amna aliifunika, akaketi kwenye kiti cha Mzee Yunusi akatazama barabara. Nilizungumza mimi, muda mrefu. Sikumbuki kama alijibu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Amna ameondoka kwenda Nkowe kuokota korosho za mama yake. Huenda kila mwaka, siku chache, akarudi na gunia. Mwaka huu amebeba na masufuria yake ya pilau.

"Utarudi lini?" nilimuuliza pikipiki ikiwa imeshawashwa.

"Korosho zikiisha."

Nilitazama mpaka vumbi likashuka. Korosho zina miti ya mwanzo na miti ya mwisho. Anayetaka ziishe Januari, zitaisha Januari.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimepika mimi. Wali umeungua chini na ni mbichi juu. Dereva wa lori amekula kwa kunionea huruma.

Jumapili, 27 Oktoba

Padri ameniuliza kama kweli nimewatukana majirani. Nimemjibu niliwaeleza. Akasema tofauti ni ndogo.

Jumamosi, 2 Novemba

Joto. Harufu. Siki, magadi, ndimu, maji ya moto, chujio, mpira. Siku mbili safi, ya tatu uozo. Kila mara siku mbili.

Jumatano, 6 Novemba

Nitaandika polepole, maana nataka kulipata sawasawa.

Jana jioni niliosha mara moja tu, nikafunga mlango. Leo asubuhi nimefungua, nikaondoa chujio, nikakuta maji ya kijivu yametuama chini kiasi cha bakuli. Hilo si jipya; nilidhani ni mabaki. Nikawasha tochi ya simu. Maji yalikuwa yanachezacheza. Nikainama. Viluwiluwi wa mbu! Wanajipindapinda, wazima kabisa, wanafurahia maisha.

Nikakaa sakafuni. Mashine hii inaosha kwa maji ambayo ukitia mkono unapiga kelele. Hakuna kiluwiluwi duniani anayeweza kuzaliwa humo na kuishi. Kwa hiyo hawakuzaliwa humo. Walikuja. Na mahali pekee penye viluwiluwi katika uwanja wetu ni pipa.

Nikatoka uani. Bomba la kutolea maji machafu linapita kwenye tundu la ukuta na kuingia pipani. Mwezi wa sita Gabrieli alikuwa amelitundika juu kwenye msumari, limepinda kama shingo ya bata, ncha yake ikiwa juu ya maji. Sasa halikuwa kwenye msumari. Lilikuwa limezamishwa pipani mpaka chini, na jiwe limewekwa juu lisitoke. Nikajaza mashine, nikaiacha imwage, nikaweka sikio. Ilipomaliza kumwaga ikanyamaza kidogo, kisha nikasikia: glu, glu, glu. Pipa linarudisha. Maji ya wiki nzima, ya muhogo, ya dagaa, ya jua la Oktoba, yanarudi tumboni mwa mashine yanalala humo usiku kucha.

Nilimpigia Gabrieli. Akasema kuna kizibo kidogo ndani cha kuzuia maji yasirudi, labda kimechoka, lakini bomba likikaa juu hakihitajiki. "Nani ameshusha bomba?" akauliza.

Nani ameshusha bomba? Mimi nimeshusha, zaidi ya mara moja, kwa sababu likiwa juu lilikuwa linarusha matone nje ya pipa. Amna ameshusha. Nicholaus huenda ameshusha. Mpangaji wa nyuma anayechota maji ya choo amelishusha, na jiwe nadhani ni lake. Kila mtu aliyepita na kuona tone la maji linapotea kiangazi alifanya kile ambacho mama yake angemsifia. Hakuna mwovu hapa. Uozo wetu umetokana na ubahili wa maji wa watu wenye adabu.

Na hilo ndilo linalonichoma. Jibu lilikuwa hatua chache kutoka barabarani, kila mtu angeweza kuliona. Lakini mtaa haukuhitaji bomba. Bomba halisisimui. Bomba huwezi kulinong'ona. Walihitaji nguruwe, wakamleta.

Nimelirudisha msumarini, nikalifunga kwa waya. Pipa nimelimwaga lote. Ndiyo, nimelimwaga, na mipapai initazame vibaya ikitaka.

Ijumaa, 8 Novemba

Hainuki. Nimeingiza kichwa chote.

Ijumaa, 15 Novemba

Wiki na zaidi, hainuki. Nikamwendea Mzee Yunusi dukani, nikanunua kwake sahani mpya, nikamwomba kwa heshima zote aje ale. Alikuja, maana ni mtu wa heshima. Nikamwekea wali na kunde. Akainama. Akanusa.

"Bado, Mwalimu."

"Bado nini, mzee wangu?"

"Bado kwa mbali inatoka."

"Mzee Yunusi, sahani hiyo ni ya dukani kwako. Nimeinunua saa tatu. Haijaingia kwenye mashine. Gundi ya karatasi yako ya bei iko hapo chini, ipapase."

Akaigeuza kidogo, wali ukateleza. Akaipapasa gundi. Akafikiri.

"Basi utakuwa uliiweka karibu," akasema, akanawa mikono ambayo haikuwa imekula.

Niliketi kaunta na ghadhabu iliyokosa pa kwenda. Nimeshinda hoja yote, kila kipande chake, na hakuna hata mtu mmoja aliyeshindwa.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda Nkowe kwa bodaboda, njia nzima vumbi jekundu na baiskeli zenye magunia. Nilimkuta Amna na mama yake, Bi Sabaha, wamekaa kwenye turubai katikati ya lundo la mabibo, wananyofoa korosho na kutupa bibo pembeni. Amna amevaa soksi mikononi kwa ajili ya utomvu.

"Umekuja kuokota au kuhutubia?" akaniuliza.

"Nimepata chanzo."

"Karibu uokote."

Nikaketi. Nikamweleza: viluwiluwi, pipa, jiwe, msumari. Nilieleza vizuri sana. Alinyofoa korosho muda wote huo.

"Kwa hiyo ni bomba," akasema.

"Ni bomba!"

"Mwalimu, mimi nilijua tangu mwanzo kwamba si nguruwe. Jikoni ni kwangu. Ulidhani niliondoka kwa sababu nimeamini?"

"Sasa uliondoka kwa nini?"

"Kwa ajili yako."

Bi Sabaha, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, aliacha kunyofoa akanitazama. Alikuwa ameelewa vya kutosha.

"Uliandika kwamba mtaa una akili za kuku wa kizungu," Amna akaendelea. "Mtaa ni nani? Ni mjomba. Ni shemeji yangu anayekuchinjia kuku. Ni wanawake ninaokaa nao mkekani msiba ukitokea. Usiku ukaandika, asubuhi nikaamka nimewatukana ndugu zangu bila kufungua mdomo. Hukuniuliza hata neno."

"Nilikuwa nakutetea!"

"Nani alikutuma?"

Nikachukua bibo la kwanza tangu niketi, nikanyofoa korosho yake.

"Na zile ndoo."

"Ndoo zipi?"

"Usijifanye mtoto. Nilikuambia mara ngapi ndoo za Nicholaus zisipite uani? Ukanijibu ndoo ni ndoo. Ungekuwa mwanafunzi wako ungejipa sifuri. Watu hawakumwona nguruwe ndani ya mashine. Waliona ndoo ya nguruwe kando ya mashine. Unga uliwapa wewe, wao wakasonga ugali."

"Ndoo ya plastiki haina dini, Amna."

"Mimi ninayo. Na hoteli ni yangu nusu. Ile nusu yangu ndiyo uliyopitishia ndoo."

Nilitaka kusema mengi. Kwamba mtu hawezi kuishi akiogopa macho ya watu. Kwamba ukikubali kuondoa ndoo leo, kesho watasema mashine itoke. Nikasema hilo la mwisho, kwa sauti ya juu.

"Mashine haitoki," Amna akasema. Akavua soksi moja akanionyesha kiganja. "Nani amekuambia itoke? Hii mikono ni yangu au ya kwenye hotuba zako?"

Bi Sabaha akasema kitu kwa Kimwera, akacheka peke yake.

"Anasemaje?"

"Anasema Mmakonde akikasirika hata kisima chake hukikaripia."

Nikacheka, nikiwa bado na hasira. Tuliokota hadi jua likapinda. Kabla sijapanda pikipiki Amna akanipa masharti yake. Ndoo za Nicholaus ziishie barabarani. Na siku akirudi, atakayezungumza na watu ni yeye. "Wewe utakaa kaunta. Hutafungua mdomo. Hata kukohoa usikohoe, maana najua kikohozi chako kina maneno."

"Nikishindwa?"

"Nitarudi huku, na mikono hii nitaipeleka nitakakojua."

Hakuwa anatania.

Jumatano, 20 Novemba

Nimemwambia Nicholaus makombo nitayaweka barabarani, asiingie uani.

"Dada, umesilimu?"

"Nimesikia. Ni tofauti."

Amenuna. Amesema nguruwe wake hawajamdhuru mtu. Ni kweli, hawajamdhuru. Nimemwambia hivyo, na bado asiingie.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua ya kwanza. Kubwa, ya ghafla, yenye upepo. Watu wametoa ndoo, mabeseni, masufuria, kila chenye tumbo.

Ijumaa, 29 Novemba

Amna alirudi jana na masufuria yake. Alfajiri alikuwa jikoni. Kufika adhuhuri harufu ya pilau ilikuwa imevuka stendi, na waliotoka swala walikuja, wengine kwa njaa, wengine kutazama. Mzee Yunusi alikaa karibu na dirisha, kikombe chake mkononi.

Amna hakuwapakulia jikoni. Alifungua mashine, akavuta trei ya sahani, zinafuka mvuke, akaibeba yote mpaka katikati ya meza. Kisha akasimama mbele ya mzee.

"Mjomba, chagua sahani."

"Mpwa wangu, mimi leo chai inanitosha."

"Mjomba, wewe ndiye uliyesimama nilipoolewa. Tangu mkeo afariki, mchana wako ni mkono wangu. Wanasema mashine imeosha nguruwe. Mashine haipiki. Aliyepika ni mimi, aliyekulisha ni mimi. Niambie hapa: Amna, umenilisha haramu. Sema mimi. Usiseme mashine."

Mzee akaweka kikombe. "Nani amesema hivyo?"

"Hakuna aliyesema, mjomba. Ndiyo shida yenyewe."

Hapo watu wote wakanigeukia mimi. Nilielewa kwa nini. Walikuwa wananisubiri. Ningesema neno moja, lolote, hata la busara, wangekasirika na Mwalimu, mazungumzo yangekuwa ya Mwalimu, na kila mtu angepata mlango wa kutokea. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni mpaka meno yaliniuma. Nilishika ukingo wa kaunta. Sikukohoa.

Wakarudi kumtazama Amna, maana hapakuwa na mahali pengine pa kutazama.

Vijana wawili wa ghala waliinuka wakatoka bila kuaga. Nawajua. Siku yao itafika.

Mzee Yunusi alinyoosha mkono akachukua sahani ya juu kabisa. Hakuinusa. "Weka na ukoko," akasema.

Amna akaweka na ukoko. Wengine wakachukua sahani, mmoja mmoja, kwa aibu ya watu wanaopokea mkono wa rambirambi. Hakuna aliyeomba radhi. Walikula, wakaomba pilipili, wakalalamikia bei ya korosho.

Alipomaliza, Mzee Yunusi alifanya jambo ambalo sijapata kumwona mzee wa mji huu akilifanya. Aliinuka na sahani yake mwenyewe, akapita kaunta bila kunitazama, akaingia jikoni, akafungua mashine akaitumbukiza ndani. Ameiweka chali, mahali pasipofikiwa na maji, na mifupa juu yake.

Nikamwacha apite. Alipofika mlangoni alisema, "Mwalimu, leo kimya."

Nikaitikia kwa kichwa tu.